Mgonjwa wa Sukari Atembee na Sukari

Hotuba hii niliitoa mimi, muuguzi wa kliniki, Jumamosi asubuhi hapa Tanga, mbele ya watu wanaoishi na kisukari pamoja na familia zao, tukiwa tunajiandaa kwa Ramadhani na Kwaresima. Waliokosa kuja wameomba waisome yote, nami nimeiandika kama nilivyoisema.

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo?

Nashukuru kuwaona wengi hivi, na nashukuru zaidi kuona mmekuja na waume zenu, wake zenu, watoto na majirani. Maneno ya leo ni yao kuliko yenu, na mtaona ni kwa nini.

Kliniki tumezungumza sana habari za sukari kupanda. Mnayajua: macho, figo, miguu kufa ganzi, kidonda kisichopona. Leo nataka tuzungumze habari za kushuka. Sukari ikipanda, mara nyingi hukula mwili taratibu, mwaka baada ya mwaka. Ikishuka sana inaweza kukuangusha kati ya kunawa mikono na kuletewa sahani.

Naomba mninyooshee mikono. Nani hapa ametoka nyumbani leo na sukari mfukoni, kwenye mkoba, au imefungwa kwenye pindo la kanga?

Naona mikono michache, na karibu yote ni ya akina mama wenye watoto wanaojidunga insulini, dawa ya kushusha sukari. Wengine je? Wewe unayemeza vidonge asubuhi, ukishikwa ukiwa ndani ya daladala, utamwomba nani?

Tazameni hiki hapa. Ni kichupa cha dawa ya kikohozi ya mtoto, kimeoshwa kwa maji ya moto, kimekaushwa juani. Ndani nimetia vijiko vinne vya chai vya sukari, vijiko vya kawaida, visivyo na kilima. Kifuniko kinabana, sisimizi hawaingii. Gharama yake haifiki nauli ya kutoka Makorora kwenda mjini. Hiki ndicho nimekuja kukizungumzia asubuhi nzima.

Kwanza tukubaliane namba. Sukari ya damu ikiwa chini ya 3.9, imeshuka. Ikiwa chini ya 3.0, hiyo ni hatari, maana ubongo umeanza kukosa chakula. Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wake, lakini unatumia karibu sehemu moja ya tano ya nguvu yote ya mwili, na hauna ghala la maana. Unategemea sukari inayopita kwenye damu saa hiyo hiyo.

Na hapa niweke angalizo, kwa sababu nimeliona likitaka kuua mtu. Mashine za kupima sukari hazisomi kwa kipimo kimoja. Nyingi za kwetu huandika 3.9; nyingine huandika 70 kwa sukari ile ile, na 54 pale zetu zinapoandika 3.0. Mtu aliyezoea kuona 7 au 9 akiazima mashine ya jirani akaona 60, atashtuka, atasema imepanda kupita kiasi, atajidunga insulini, kumbe alitakiwa anywe soda wakati huo huo. Kabla hujasoma namba, soma herufi ndogo zilizo pembeni yake. Ukiona mg/dL, kumbuka 70. Ukiona mmol/L, kumbuka 3.9.

Nani yuko hatarini? Anayetumia insulini, huyo wa kwanza. Wa pili ni anayemeza vidonge vinavyolisukuma kongosho litoe insulini: glibenklamaidi, gliklazaidi, glimepiraidi. Anayemeza metfomini peke yake ni nadra sana kushuka. Kwa hiyo ujue jina la kidonge chako. Usiniambie "kile cheupe cha mviringo". Jina.

Sasa neno langu la kwanza. Anayeshuka apewe sukari.

Nitawaeleza habari za bibi mmoja wa Ngamiani, mwenye zaidi ya miaka 70. Alikuwa anameza glibenklamaidi kila asubuhi. Akapata homa. Siku ya kwanza akala uji nusu kikombe, siku ya pili akanywa maji tu, siku ya tatu hakutaka kitu. Lakini kidonge akakimeza siku zote tatu, kwa sababu ameambiwa dawa haikatwi. Adhuhuri ya siku ya tatu kijasho chembamba kikaanza kumtoka, kanga ikalowa mgongoni, akawa anazungumza na dada yake ambaye ni marehemu. Mjukuu wake wa darasa la sita, ambaye amewahi kukaa na bibi kwenye benchi la kliniki, akakimbia kukoroga sukari kwenye maji. Shangazi akamnyang'anya kikombe. "Unataka kumuua bibi? Bibi ana sukari!"

Wakampa maji ya ndimu. Wakampepea. Mpaka bajaji inafika hospitalini, mashine ilisoma 1.8.

Alitiwa glukosi kwenye mshipa, akafumbua macho, akauliza kama nguo zimeanuliwa. Familia ikafurahi, jioni ikaomba ruhusa irudi naye nyumbani. Saa tisa usiku bibi akashuka tena. Glibenklamaidi haiishi mwilini haraka, na kwa mzee ambaye figo zimechoka inakaa muda mrefu zaidi. Unaweza kumpandisha sukari mchana, dawa ikamrudisha chini usiku. Mara ya pili alilazwa, akaangaliwa mchana na usiku. Bibi yuko hai, namshukuru Mungu.

Shangazi yule nampenda na namheshimu. Alimpenda mama yake, na alifanya lile alilolisikia miaka yote: mtu wa sukari hapewi sukari. Je, ni nyumba ngapi hapa Tanga ambamo kikombe kile kingenyang'anywa vile vile? Nyumbani kwako je?

Basi tuseme wote. Anayeshuka apewe sukari. Tena. Anayeshuka apewe sukari.

Kiasi gani? Vijiko vitatu hadi vinne vya chai, vikorogwe kwenye maji kidogo. Au nusu chupa ya soda ya kawaida, ile ndogo. Isiwe ile isiyo na sukari, maana haitasaidia chochote. Au nusu glasi ya juisi. Au kijiko kimoja kikubwa cha asali. Hizo zote zinakaribia gramu 15. Kisha subiri dakika 15, pima. Bado chini ya 3.9? Rudia kiasi kile kile. Ikishapanda, na kama mlo wako bado uko mbali, kula kitu cha kukaa tumboni: ndizi, mkate, muhogo, ugali uliobaki.

Kuna wanaokimbilia chapati, maziwa au chokoleti. Vile vina mafuta, na mafuta yanachelewesha sukari kuingia kwenye damu. Vitafuata baadaye. Sukari itangulie.

Na kama huna mashine, au stripu za kupimia zimekwisha, kama zinavyowaishia wengi wenu kabla ya mwezi kuisha? Usisubiri. Dalili zinatosha. Ukidhani umeshuka kumbe hujashuka, vijiko vitatu vitakupandisha kwa muda tu. Ukishuka ukadhani hujashuka, unaweza usipate nafasi ya pili.

Aliyezimia, au anayetikisika kwa degedege, asinyweshwe kitu. Si soda, si maji, si uji. Kitaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu. Chukua sukari, ilowanishe kwa matone ya maji iwe rojo, umpake kidogo kidogo kwa ndani ya shavu la upande wa chini, nje ya meno, usiingize kidole kati ya meno. Asali pia inafaa. Na wakati wewe unapaka, mwingine awe ameshaita usafiri. Kupaka sukari hakuahirishi safari ya hospitali.

Jambo moja zaidi kwa wazee. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, linasema glibenklamaidi haifai kwa watu waliopita miaka 60. Ziko nyingine zilizo salama zaidi. Msiiache wenyewe leo jioni mkienda nyumbani. Nitawaambia mwishoni cha kufanya. Lakini mkiumwa na hamwezi kula, msimeze kidonge kile juu ya tumbo tupu mkakaa kimya. Njooni, au pigeni simu. Na ninyi mnaoishi kwa insulini tangu utotoni, insulini haikatwi kabisa hata ukiumwa. Kipimo ndicho kinachorekebishwa.

Ndugu zangu, neno la pili. Sukari ikishuka, akili hutangulia kuondoka.

Mwanzoni mwili unapiga kelele: mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, jasho la baridi, njaa kali ya ghafla, midomo inakufa ganzi. Hapo bado una akili zako, hapo ndipo pa kujiokoa. Ukipita hapo inakuja hatua nyingine. Mtu anakuwa mkali. Anabishana. Anarudia neno moja. Anaona viwili viwili. Anatembea kama mlevi. Na ukimuuliza, "Uko sawa?", atakujibu, "Niko sawa, niache!" Hilo ndilo jibu linalonitisha kuliko yote. Mtu aliyeshuka hawezi kuwa hakimu wa hali yake mwenyewe.

Yuko mvuvi mmoja wa Sahare, anajidunga insulini ya mchanganyiko, ile inayoitwa 30/70, asubuhi na jioni. Jioni moja alijidunga, akala matonge machache, wenzake wakamwita kwamba chombo kinaondoka. Usiku wa giza, taa zimewashwa, dagaa wamekuja juu. Wakavuta nyavu. Mnajua kuvuta nyavu kulivyo: misuli ya mikono, mgongo na mapaja yote inakula sukari, na insulini ya jioni nayo iko kazini. Karibu saa sita usiku akaacha kuvuta, akakaa, akaanza kucheka peke yake. Kisha akamtukana nahodha, mtu ambaye humwamkia kila siku. Kisha akataka kuruka baharini.

Wenzake wakasema nini? Mnajua walichosema. Amepandisha mashetani. Bahari ina wenyewe. Wawili wakamshika mikono, mmoja akaanza kumsomea dua.

Ndani ya chombo alikuwamo mzee ambaye mkewe ana kisukari. Akamgusa shingoni. Shingo ya baridi, imelowa, na usiku ule bahari ilikuwa shwari, hakuna wimbi lililowarushia maji. Mzee akafungua chupa ya chai, chai ya rangi yenye sukari nyingi kama wanavyoinywa wavuvi, akamnywesha funda moja moja, naye anawatukana. Funda, tusi. Funda, tusi. Aliweza kumeza, ndiyo maana mzee alifanya vile. Baada ya muda yule kijana akatulia, akawatazama, akauliza, "Mbona mmenishika?"

Mimi simdharau mtu kwa imani yake. Mwislamu asome dua, Mkristo aombe. Lakini dua isomwe huku mkono mwingine unakoroga sukari. Nimepokea watu waliokesha wakisomewa, nimepokea waliokesha wakiombewa mapepo yatoke, na mashine ikasoma mbili na kitu. Saa zile zote walizokesha, vijiko vinne vilikuwa jikoni.

Yule mvuvi alikuja kliniki, na nilifurahi kwamba alikuja na nahodha wake. Tukamwambia atuonyeshe anavyojidunga. Akachukua kichupa, akakichoma sindano, akavuta. Nikamsimamisha. Insulini ya mchanganyiko ikikaa, sehemu yake nyeupe inazama chini kama wanga, juu panabaki maji maangavu. Ukivuta bila kuchanganya, leo unapata nyingi ya aina moja, kesho nyingi ya aina nyingine, na wewe unaamini umepiga yuniti zile zile. Kiviringishe kichupa katikati ya viganja, taratibu, ukipindue juu chini, mpaka kiwe na ukungu sawasawa kote. Usikitikise kwa nguvu, kitatoa povu, na povu litakupunja kipimo.

Kisha tukamshika tumbo. Kushoto kwa kitovu alikuwa na kinundu cha ukubwa wa yai la kuku. Alikuwa akijidunga hapo hapo siku zote kwa sababu hapaumi. Insulini ikiingia kwenye kinundu haitoki kwa mpangilio. Na siku ukihamia ngozi nzima, inaingia yote kwa kasi, unaanguka. Pitisheni vidole matumboni mwenu leo usiku mkiwa mmelala chali. Mkikuta pagumu au pamevimba, msirudie pale, na msihame bila kutuambia, kwa sababu kipimo huenda kikahitaji kupunguzwa.

Tumepanga naye: usiku wa kwenda baharini, kipimo cha jioni hupungua kama daktari alivyomwandikia, anakula kabla ya kuondoka, anakula tena katikati ya kazi. Na akirudi asubuhi akalala, mkewe anamwamsha. Kazi nzito huendelea kushusha sukari hata baada ya kuimaliza, pengine hadi siku inayofuata. Wakulima mnaoshinda na jembe, vijana mnaocheza mpira jioni, hilo ni lenu pia. Ukiamka na mto umelowa jasho, kichwa kinagonga, umeota ndoto za kutisha, yawezekana ulishuka usingizini. Tuambie.

Wako wanaoniambia, "Mimi nikishuka sioni dalili yoyote." Nawaamini. Mtu anayeshuka mara kwa mara, mwili wake huacha kumtahadharisha. Ni kama mbwa anayebweka kila usiku. Mwisho wenye nyumba hawaamki tena, hata mwizi akija kweli. Habari njema ni kwamba wengi, wakifanikiwa kukaa wiki kadhaa bila kushuka kabisa, dalili zao hurudi. Kwa hiyo ukifika hapo, njoo turekebishe dawa. Usizoee. Wengine hawatetemeki kwa sababu wanameza dawa za presha kama atenololi au propranololi, ambazo hutuliza moyo na mikono. Kwao jasho hubaki, basi waliangalie jasho. Na pombe, nitasema kwa ufupi: ini ndilo linalotoa sukari ya akiba, na ini lililo kazini kuondoa pombe halitoi sukari. Mtu hunywa jioni bila kula, anashuka alfajiri, anakutwa barabarani ananuka pombe, kila mmoja anapita.

Sasa niwaulize. Ni nani anajua kwamba wewe una kisukari? Kazini kwako? Kijiweni? Kuna dada hapa kwetu ameolewa, wakwe hawajui mpaka leo, anajidunga chooni. Kuna kijana wa bodaboda anabeba watoto wa shule kila asubuhi na hakuna hata mwenzake mmoja kijiweni anayejua. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mdogo wangu wa bodaboda, pima kabla hujawasha pikipiki. Ikiwa chini ya 5, kula kwanza. Ukijisikia vibaya njiani, simama, zima, kula sukari, subiri. Abiria atakasirika. Akasirike.

Neno la tatu ni hofu, na hapa nitasema taratibu kwa sababu najua wako walioguswa.

Binti mmoja wa kidato cha pili yuko shule ya bweni. Ana kisukari aina ya kwanza, kile ambacho kongosho halitoi insulini, tangu darasa la tano. Shuleni kwao chakula hakiruhusiwi bwenini. Alikuwa na pakiti ya glukosi kwenye tranka, siku ya ukaguzi ikachukuliwa pamoja na biskuti za wenzake. Jioni moja, baada ya netiboli, chakula kikachelewa, kuni zilikuwa mbichi. Binti akaanza kutetemeka. Akaenda kuomba sukari, akaulizwa kwa nini hasubiri kengele kama wengine. Akajibu maneno mabaya, maneno ambayo mama yake hajawahi kuyasikia kinywani mwake. Akapigishwa magoti. Alianguka akiwa amepiga magoti. Alizindukia zahanati.

Kilichofuata hakikuonekana na mtu. Binti alianza kupunguza insulini kwa siri. Yuniti mbili, kisha nne, kisha anaruka ya usiku kabisa. Alisema moyoni: bora ipande kuliko nianguke tena mbele ya darasa zima. Alipofunga shule, mama akamwona shingo imekuwa nyembamba, usiku anakwenda chooni kila mara, anakunywa maji ndoo nzima. Sukari ilikuwa 19.

Ni nani humu hajafanya kama binti yule? Mzee anayekula sahani mbili kabla ya kulala ili asishuke usiku. Mama anayejipima 14 na kusema moyoni, hapo niko salama. Baba anayempunguzia mtoto insulini kwa sababu alishamwona akitikisika mara moja, na picha ile haimtoki. Nawaelewa. Kushuka kunatisha, na aliyewahi kuzimia hasahau. Lakini insulini si adui wa binti yule. Tarehe 11 Januari 1922, kule Toronto nchini Kanada, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa insulini, wa kwanza kutibiwa hivyo kwa kisukari. Alikuwa amebaki mifupa. Kabla ya hapo watoto kama yeye walikuwa wakilazwa kusubiri kufa. Aliishi miaka 13 zaidi. Binti yetu ana umri kama wake.

Hofu haiondoki kwa kuambiwa usiogope. Tulikaa na mama, tukamwandikia mkuu wa shule barua, na shule, naisema kwa shukrani, ikasikia. Sasa matroni ana glukosi kwenye mtoto wa meza yake. Binti anaruhusiwa kula sukari darasani bila kuomba ruhusa. Marafiki wawili wanaolala naye chumba kimoja wamefundishwa, na wanajua kwamba akianza matusi, matusi yale ni dalili. Siku za netiboli anakula ndizi kabla. Insulini tukaipandisha kidogo kidogo, akijionea mwenyewe kwamba haanguki. Namba zake bado si nzuri sana. Lakini hajidanganyi tena na sisi hatudanganyi.

Mwaka huu, 2026, Ramadhani na Kwaresima zinaanza katika wiki ile ile, kwa hiyo nazungumza na nyote.

Utafiti uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13 uligundua kwamba ndani ya Ramadhani, kushuka kwa sukari kunakomfikisha mtu hospitalini kuliongezeka karibu mara tano kwa wenye kisukari aina ya kwanza, na zaidi ya mara saba kwa aina ya pili, ile ya wengi wanaomeza vidonge. Mara saba. Hawa ni watu wenye imani safi waliotaka kumwabudu Mola wao.

Mwongozo wa madaktari uko wazi. Ikiwa chini ya 3.9, fungua. Wakati wowote. Hata kama imebaki robo saa kwa Magharibi, hata kama futari imeshatengwa na muhogo wa nazi unanukia, fungua. Ikizidi 16.6, fungua pia. Kujitoboa kidole kupima hakubatilishi funga, kwa hiyo pima: adhuhuri, na zaidi alasiri, maana alasiri ndiyo saa ya watu kuanguka. Daku iliwe mwishoni mwa muda wake, isiliwe saa sita usiku ukalala.

Na wako ambao nawaomba wasifunge kabisa: mwenye aina ya kwanza, mjamzito anayetumia insulini, mwenye figo zilizoharibika, aliyezimia kwa kushuka ndani ya miezi mitatu hii. Sheikh wangu aliyekaa hapo mbele ananitikisia kichwa. Aya ya 184 ya Suratul Baqara imempa mgonjwa ruhusa, na ugonjwa usiotarajiwa kupona una fidia ya kulisha maskini. Mnaotaka kufunga na mnaweza, njooni kabla, tubadilishe saa na vipimo vya dawa. Usichukue kidonge cha asubuhi ukakimeza kwenye daku kama kilivyo. Nanyi Wakristo mnaokaa bila kula mpaka jioni, insulini haijui kama umefunga Kwaresima au Ramadhani. Njooni na ninyi.

Nimemaliza. Sasa kabla hamjasimama, sikilizeni utaratibu. Wenye miaka 60 na kuendelea mnaomeza glibenklamaidi, bakini upande wa dirishani. Muuguzi mwenzangu ataandika majina, na Jumanne mje kliniki na vidonge vyote mnavyomeza, hata vya presha, ndani ya mfuko mmoja. Wenye mashine, zileteni meza ya kati tuangalie zinasoma kipimo gani. Vichupa vipo kwenye beseni, vimeshaoshwa, sukari iko kando yake. Kila mmoja ajaze chake, vijiko vinne. Na wewe uliyemsindikiza mama, mume au mwanao, pita kwenye godoro lile pale mwisho. Utafundishwa kumlaza mtu ubavu na kumpaka sukari shavuni, na hatutakuachia mpaka ufanye mwenyewe.